Jiwe Tumboni mwa Maige

Mume wangu Maige alipoota uvimbe upande wa kushoto wa kitovu, wachimbaji wenzake walifurahi kuliko ndugu zake walivyosikitika. Ulikuwa mgumu, haukuuma ukiubonyeza, na kila mwezi ulizidi kidogo. Kule machimboni nje ya Katoro, mwaka wa themanini na mbili, watu walimeza dhahabu ili wasikamatwe nayo njiani. Kitu kigumu tumboni mwa mchimbaji kilikuwa na maana moja tu.

"Maige amemeza jiwe," alisema Herman, mkuu wa shimo lao. "Na limekwama."

Maige alikana. Aliapa kwa Bikira Maria. Lakini nilimwona akilipapasa tumbo lake kwa namna ambayo hajawahi kunipapasa mimi.

Sheria ya shimo ilijulikana: kinachotoka shimoni ni cha wote, kipite njia yoyote. Basi wakaanza kumlinda. Akienda chooni, wawili nyuma yake. Bashiri, mnunuzi wa dhahabu, alimletea mafuta ya nyonyo na kumnywesha kwa mkono wake. Mafuta yalifanya kazi yake, jiwe halikutoka.

Kisha Maige akaanza kutapika kila alichokula. Nikampeleka zahanati. Tabibu alimbonyeza, akaniita nje.

"Mama Kamili, huu ni uvimbe wa nyama. Umebana utumbo. Asipopasuliwa, atakufa."

Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, petroli haikupatikana, na Maige hakuweza kusimama. Nilihitaji wanaume wa kubeba kitanda. Wale watu nawajua. Mwenzao Stanslaus alipougua homa walimwachia mtungi wa maji wakashuka shimoni. Kwa uvimbe wa nyama wasingebeba hata mto wa kulalia.

"Tabibu anasemaje, shemeji?" Herman aliniuliza.

"Anasema kuna kitu kigumu. Kikatolewe hospitali."

Asubuhi walimbeba na kitanda chake cha kamba, wakipokezana, wakigombana nani kakitikisa. Nilitembea nyuma yao nikiwachukia na kuwaombea nguvu kwa wakati mmoja. Tulifika siku ya pili.

Hospitali ikataka damu. Neno hilo hufukuza ukoo mzima, lakini hawa walipanga foleni. Herman aliomba atolewe chupa mbili, asije akazidiwa na mtu wakati wa mgawo. Sista Euphrasia alisema ameuguza watu miaka mingi na hajaona upendo wa namna hiyo.

"Ni ndugu yetu, Sista," Herman alijibu, akitazama mlango wa chumba cha upasuaji.

Mchana daktari akatoka na bakuli. Ndani palikuwa na kitu cheupe, ukubwa wa chungwa.

"Atapona," alisema. "Si kansa. Ni uvimbe wa nyuzinyuzi, ni nadra sana kuuona."

Nilikaa chini sakafuni. Daktari aliukata mbele yetu. Ulikuwa mweupe mpaka katikati, una nyuzi kama muhogo uliokomaa mno.

"Kata tena," alisema Herman.

Daktari akakata tena. Aliombwa mara nyingine, na nyingine, mpaka bakulini ikabaki kachumbari. Hakuna aliyeuliza Maige anaendeleaje.

"Wabeja," niliwashukuru kwa Kisukuma, na nilimaanisha. Kisha wakaondoka, na kitanda wakakichukua.

Maige alizinduka jioni. Nilikuwa nimeushika mkono wake, nalia kwa furaha bila kujificha. Aliangalia kushoto na kulia.

"Wenzangu wameondoka?"

"Wameondoka."

Akashusha sauti. "Basi nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Lukresia. Mimi ni mumeo."

Nilimweleza yote: nyama, nyuzi, kachumbari. Nilimwita daktari amweleze, na Sista pia. Aliwaitikia kwa kichwa kwa heshima, na walipotoka akaniuliza jiwe nimelificha wapi.

Hajaacha kuuliza. Tumehamia Ushirombo, tunalima, na anakula ugali kuliko wanangu wote. Nikichukua jembe kwenda shambani, hunifuata aone nitachimba wapi. Zamani iliniuma. Siku hizi namwacha anifuate. Nasikia hatua zake nyuma yangu, nzito, za mtu mwenye afya, na hapo sitaki kingine.