Maiti Asiyeliliwa

Mgeni alinikuta shambani Kitangari naokota korosho. Sikumfahamu. Alibeba kitabu ndani ya khanga, amekikumbatia kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe Hajira, uliyerudi na shahada ya Kiswahili? Mimi Mama Godfrey, natoka Lulindi. Macho yangu yameingia ukungu. Kitabu hiki aliandika marehemu mume wangu, Mwalimu Ladislaus. Aliniambia, 'Nimekuweka humo.' Nataka nijisikie."

"Godfrey hakusomei?"

"Ananisomea akiruka. Nasikia pumzi yake inavyokwepa. Wewe hunijui, hutanionea huruma. Niahidi hutaruka neno."

Nikaahidi. Ahadi ni nyepesi kitabu kikiwa bado kimefungwa.

Kilipofunguka, nilikichukia. Mji wa chuma huko mwezini, mtu ameuawa, mpelelezi Kema anamvuka maiti kama gogo, anauliza saa. Hakuna aliyempa mwenzake pole, hakuna aliyetandika mkeka. Wote walimtafuta muuaji. Mama wa marehemu hakutafutwa na yeyote.

Mama Godfrey alisikiliza huku akininyofolea korosho kwenye mabibo. Ghafla akasonya.

"Huyo marehemu wanamzika lini?"

"Bado wanachunguza, mama."

"Sura ya ngapi hiyo?"

"Ya sita."

"Sura ya sita, maiti yuko sakafuni! Na huyo Kema keshaoga mara mbili! Aje huku tumpe ndoo afuate maji, akili itamrudia."

Tulicheka hadi mabibo yakamwagika. Kumchukia Kema kulitufanya ndugu. Lakini kila sura ilipoisha aliuliza, kwa sauti iliyojifanya haijali, "Mimi bado?"

"Bado, mama."

Katika sura ya tisa macho yangu yalitangulia sauti, nikamwona humo: mke wa Kema. Niliitazama mikono ya Mama Godfrey yenye madoa ya utomvu, nikafikiri jinsi ilivyo rahisi kufunua kurasa mbili kwa mpigo, au kumtungia mke wa Kema jina zuri na tone la chozi. Nani angejua? Amekuja kutoka Lulindi kwa ajili ya sentensi moja, na sentensi yenyewe ndiyo hii.

"Hajira," akaita taratibu. "Umenyamaza."

Nikasoma: "Mke wa Kema alikuwa mashine iliyopika na kuuliza maswali. Maswali yalipomchosha, Kema alibonyeza kitufe nyuma ya sikio la mkewe la kushoto, na nyumba ikatulia."

Korosho ilimponyoka. Hakusonya, hakucheka. Mkono wake ulipanda polepole, ukagusa nyuma ya sikio lake la kushoto, ukatua hapo. Sikuweza kutambua kama anaziba jeraha au anakumbuka kidole cha mumewe.

Upepo ulitaka kufunua ukurasa. Nikaushika.

"Endelea," akasema.

Nikasoma neno lililofuata, kisha lililofuata.