Mto Wenye Donge

Asubuhi ya kuhama, Mama Mito alifika na siri yake moyoni: leo ndiyo mwisho. Atasaidia kufunga mizigo, atawaachia cherehani, kisha atarudi zake nyumbani. Ofisi mpya ilikuwa ng'ambo ya soko, juu ya kilima, na magoti yake siku hizi hayataki hata kusikia habari za kilima. Lakini amwambie nani? Akitaja magoti tu, wataleta kiti cha magurudumu, na hicho alikuwa hakitaki kabisa.

Maana kazi ya kikundi chao ndiyo hiyo, kuwaazima watu magongo na viti vya magurudumu bila malipo mpaka wapone. Fundi baiskeli alinyoosha magurudumu. Wifi yake Mama Mito, dada wa marehemu mumewe, nesi mstaafu mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyeongoza. Mama Mito mwenyewe alishona mito ya viti, na jina likamganda.

"Mimi nashona," alizoea kusema, "sikalii."

Chumba chao kilikuwa nyuma ya duka la mikate, na miaka yote hiyo nguo zao zilinukia mkate. Kizuri, ila mlangoni kulikuwa na ngazi. Watu wa viti vya magurudumu, mlango wao una ngazi! Kila kiti kilibebwa juujuu, kuingia na kutoka. Huko kwenye ofisi mpya hakuna ngazi hata ya dawa, ndiyo maana wote walikuwa wakiimba tangu walipofika.

"Gari liko wapi?" Mama Mito akauliza.

Fundi akamtazama wifi. Wifi akamtazama fundi.

"Si ulisema utatafuta wewe?"

"Mimi? Si ulisema nikuachie wewe?"

Fundi akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Jamani, gari la nini? Humu ndani mna magurudumu mangapi?"

Basi wakapakia. Kabati dogo likakaa kitini kama mgeni rasmi, birika likapakatwa na magongo, cherehani ikapewa kiti cha mwisho. Mwenye duka la mikate akatoka na unga mikononi, akasukuma kiti cha kwanza mpaka barabarani, alama za vidole vyake zikabaki kwenye mpini.

Cherehani ndiyo iliyoleta ubishi. Kiti kikaingia kishimo, ikaruka, fundi akaidaka. Wakaifunga kamba, kamba ikalegea. Wakaizungushia mito, ndiyo kwanza ikateleza.

"Hii inataka mtu wa kuipakata," fundi akasema.

Wifi akageuka. "Na wewe wifi, mbona mkoba uko begani na uso umeelekea kwenu?"

Mama Mito akaona hakuna pa kujificha. "Magoti haya hayapandi kile kilima, wifi yangu. Nilitaka leo niwaage."

"Kumbe ulikuwa unatutoroka!"

"Nitoroke kwa magoti gani?"

Wakacheka, naye akacheka, ila macho yalikuwa yamelowa.

"Sikiliza," wifi akasema, safari hii taratibu. "Sikuambii ukae kwa kuwa unaumwa. Nakuambia ushike cherehani yako. Ikivunjika, shauri yako."

Cherehani ile aliipenda kama mwanawe wa kuzaa. Akavuta pumzi, akakaa. Papo hapo akainuka.

"Nani kashona mto huu?"

"Wewe."

"Mbona una donge huku kushoto?"

Fundi akakohoa. Wifi akatazama juu kama anayetafuta ndege.

"Ndivyo ilivyo yote, Mama," fundi akasema. "Pale unapomalizia mshono. Watu wanaona haya kukuambia."

"Yote? Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na hamkusema! Watu wanakalia donge, nyinyi mnanichekea!" Akajitupa kitini, akaikumbatia cherehani. "Haya, sukumeni! Mnangoja nini? Nina kazi!"

Wakampandisha kilima huku akiwahimiza, soko zima likimpungia mkono na yeye akipunga. Pale mlangoni kiti kikaingia mzimamzima, bila kubebwa na mtu. Hakungoja hata chai. Akateremka, akaweka cherehani karibu na dirisha, akafumua mto wa kwanza.

"Kesho mje kunichukua mapema," akasema, uzi mdomoni. "Na mje na kiti chenye mto huu, si mwingine."