Penalti ya Mtani Wangu

Klabu yangu ya mwisho huko Ulaya ilisema nimeuza mechi, na ushahidi wao ulikuwa sauti ya Gorgui Diop.

Mimi ni Birame Ndiaye. Kwetu Senegali, akina Ndiaye na akina Diop ni watani tangu enzi za mababu. Diop akimwona Ndiaye atamwita mtumwa wake, mlafi, mwizi wa wali. Ndiaye naye atamjibu kwamba ukoo wote wa Diop ulizaliwa jikoni kwake, ukisubiri ukoko. Nimeona mlinzi wa geti anamwita mkurugenzi wa benki mtumwa mbele ya wageni wake, na mkurugenzi akacheka, akamtolea kitu mfukoni. Anayekasirika ndiye anayeonekana hana malezi.

Nilikuwa beki wa kati. Shule niliiacha darasa la sita, pale mjini kwetu Rufisque, na sikuwahi kuijutia. Nilicheza Ureno daraja la pili, nikaenda Ubelgiji, nikaenda Slovakia, nikaishia mji mmoja wa milimani kaskazini mwa Ugiriki. Kazi ya beki ni kushuku. Mshambuliaji anakudanganya kwa macho, kwa mabega, kwa mikono, kwa hiyo usimtazame huko. Mtazame kiuno. Kiuno kikigeuka, mwili wote unafuata. Kule Ubelgiji kocha wangu alikuwa akinipigia kelele, "Mpira uko mbali, umetulia nini?" Nikajifunza kutotulia. Uwanjani sikumwamini mwamuzi, sikumwamini kipa wangu, wala beki mwenzangu anayenyoosha mkono kudai mtu ameotea wakati yeye mwenyewe kabaki nyuma ya mstari.

Nje ya uwanja nilimwamini Gorgui. Alikuwa mshambuliaji wa timu moja ya pwani, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari kutoka kwetu. Mdogo kwangu kwa umri, mrefu, na domo halikauki maneno. Ugirikini hakukuwa na mtu mwingine wa kuniita mtumwa, na usipoitwa hivyo muda mrefu unaanza kujisikia mgeni hata nyumbani kwako.

Tulipangiwa kucheza nao Jumamosi. Alhamisi alikuja kula kwangu. Mke wangu, Seynabou, alikuwa amepika wali kwa samaki, ule wa kwetu wenye mafuta mekundu. Gorgui aliingia akanikuta nimetumbukiza mguu kwenye ndoo ya barafu.

"Ndiaye, mguu umefanyaje?"

"Haujafanya kitu. Naupoza."

"Ni wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Mali yangu hiyo, na unaiharibu bila kuniuliza. Ukilemaa nitakuuza kwa nani?"

"Diop, kaa ule," Seynabou akamwambia. "Mtu mwenye tumbo kama lako hawezi kumiliki mtumwa. Atamla."

Tukazunguka bakuli, tukala. Alinimegea samaki upande wangu, kama mgeni mwenye adabu anavyofanya, na akaondoka kabla ya magharibi.

Jumamosi alinijia kushoto. Mara ya kwanza nilimzuia. Mara ya pili nilimzuia kwa shida. Kabla ya mapumziko akaja tena, akakata ndani ya boksi, nami nikachelewa. Mguu wangu uligusana na wake, au wake ndio uliogusa wangu. Akaanguka. Mwamuzi akaonyesha penalti, Gorgui akaipiga mwenyewe, na mechi ikaisha hivyo hivyo, moja bila.

Jumapili alinitumia ujumbe wa sauti. "Mtumwa wangu, umeamkaje? Si nilikwambia nitakununua? Basi nimekununua. Nimelipa gunia la mchele. Kuanzia sasa ukiniona kwenye boksi unaniangusha, hivyo hivyo kama jana. Na wanao ni wangu. Msalimie Seynabou, mwambie samaki alizidi chumvi."

Nilicheka mpaka Seynabou akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nikamjibu Gorgui palepale, "Gunia moja tu? Mimi si wa bei hiyo. Leta la pili, Diop, la sivyo mechi ijayo nakuvunja."

Jumatatu mkurugenzi wa timu, mtu anayeitwa Stavridis, alituita sote kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alisema kuna watu katika nchi za mbali walioweka pesa nyingi za kamari kwamba mechi yetu itakuwa na penalti kipindi cha kwanza. Si kwamba tutafungwa. Penalti, kipindi cha kwanza. Alisema anaomba simu zetu, kwa hiari, na atakayekataa hatalazimishwa.

Nilikuwa wa kwanza kuweka yangu mezani. Sikuwa na cha kuficha. Wengine wakaweka mmoja mmoja. Lazaros, kipa wetu, alisema yake ilimponyoka jana ikazama baharini.

"Baharini?" nahodha akauliza.

"Nilikwenda kutembea."

Kutoka kwetu hadi baharini ni kuvuka milima miwili. Nilimtazama Lazaros, naye akainama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari.

Ijumaa waliniita mimi peke yangu. Ofisini walikuwamo Stavridis na mwanasheria wa klabu, na mbele yao karatasi yenye maneno yetu yaliyotafsiriwa kwa Kigiriki. Sijui nani aliyatafsiri. Alifanya kazi yake vizuri, hakukosea hata neno. Aliulizwa maneno, basi.

"Gunia la mchele ni nini?" mwanasheria akauliza.

"Ni mchele."

"Kiasi gani?"

"Hakuna mchele. Ni utani."

"Kama hakuna mchele, kwa nini ulidai gunia la pili?"

"Utani unajibiwa kwa utani. Usipojibu umemtukana mwenzako."

Stavridis akasema, "Anakuita mtumwa. Sisi hapa mchezaji akimwita mwenzake hivyo tunamfungia. Wewe ulicheka?"

"Nilicheka."

"Alisema umwangushe kwenye boksi."

"Alisema baada ya mechi."

"Na Alhamisi alikula kwako. Siku mbili kabla. Jirani yako amesema."

"Alikula. Alisema chumvi imezidi."

Mwanasheria aliandika hilo pia. Niliona kalamu yake inavyokwenda, nikajua kila ninalosema linageuka kuwa kitu kingine likifika kwenye karatasi yake.

Mazoezini hali ikabadilika. Aliyekuwa anavaa pembeni yangu alihamisha nguo zake kwenye kona nyingine. Mpira wa nyuma haukuja kwangu, ulizungushwa kupitia kulia hata palipokuwa na adui. Nahodha, mtu mzima mwenye watoto, alinifuata bafuni. "Birame, kama ulikula, ulikula. Lakini ungetuonyesha sahani basi, tujue tunakufa kwa ajili gani." Nikamwambia aende akamuulize Lazaros habari za bahari. Akaniambia Lazaros amezaliwa mji huu.

Mtu mmoja tu angeweza kunitoa. Gorgui angekuja mbele ya kamati ya ligi, aseme sisi ni watani, awaambie wapige simu Dakar wamuulize mtu yeyote barabarani Diop ni nani kwa Ndiaye. Nikampigia.

"Nitakuja, kaka," akasema. "Jumatano niko hapo. Nitawaletea na mchele wenyewe."

"Usilete mchele."

"Natania."

"Usitanie."

"Sawa. Jumatano."

Jumatano hakuja. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kilichokuja ni karatasi kutoka kwa mwanasheria wa timu yake ikisema mteja wake hana la kuongeza. Wiki iliyofuata nikasoma kwenye gazeti kwamba amesajiliwa Uturuki.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama. Niliiweka ile mechi kwenye luninga, nikairudia. Anapokea mpira, anainua kichwa, anakuja kushoto. Kiuno kimegeuka mapema, kabla hata sijasogea. Alijua. Nikarudisha nyuma, nikaangalia tena anavyoanguka. Kuna mshambuliaji anayeanguka kwa sababu ameguswa, na kuna anayeanguka kwa sababu ameamua tangu mbali. Nilicheza dhidi ya wote, naweza kuwatofautisha. Yeye sikuweza.

"Utaitazama mara ngapi?" Seynabou akauliza.

"Mpaka nione."

"Uone nini? Mshambuliaji akikuta mguu mbovu afanye nini, auzunguke kwa adabu?"

"Aliniuliza ni upi."

"Hata mimi nilikuuliza ni upi. Mimi nimekuuza kwa nani?"

Nilikuwa nawaza ni nani mwingine aliyejua kuhusu ule mguu. Daktari wa timu. Kocha. Lazaros, aliyekuwa analala chumba kimoja nami tukisafiri. Kisha narudi kwa Gorgui kasimama mbele ya ndoo ya barafu, akiuliza bila hata kuinua macho. Nikawa siwezi kukumbuka kama kweli hakuinua macho au nimeongeza mwenyewe.

Kamati ilisema hakuna uthibitisho. Klabu ikavunja mkataba wangu hata hivyo, kwa ajili ya utulivu wa timu, walivyoandika. Wakala wangu, Mreno mmoja ambaye hajawahi kunificha kitu, alihangaika miezi minne. Timu ya Saiprasi ilinitaka, ikasoma habari, ikaacha. Ya Slovakia, niliyoichezea kwa moyo wote, haikupokea simu.

"Hujahukumiwa, Birame," wakala akaniambia. "Tatizo ndilo hilo. Waliofungiwa mwaka mmoja wanamaliza mwaka wanarudi. Wewe utamaliza nini?"

Tukarudi Rufisque.

Mama alifariki mwaka uliofuata, msimu wa mvua. Siku ya tatu ua ulijaa watu kwenye mikeka, na Gorgui akaingia. Alikuwa amekuja kutoka Uturuki moja kwa moja, kanzu mpya, begi bado liko na dereva mlangoni. Msibani mtani haulizwi anataka nini. Ana ruhusa ya kusema ambayo hata ndugu hawana. Alisimama katikati ya ua akasema kwa sauti, "Nani amewaruhusu kumzika mtumwa wangu bila kuniuliza? Mfukueni, bado nina nguo za kufuliwa."

Wanawake wakacheka huku wanafuta machozi. Shangazi yangu akamtupia kandambili. Kisha wote wakanigeukia, kwa sababu zamu ilikuwa yangu.

Nikakaa kimya.

"Birame," baba mdogo akasema, "mtani wako anakusemesha."

"Nimemsikia."

Kicheko kikaisha. Gorgui alisubiri kidogo, mikono imening'inia, halafu akatoka nje kusimama kwenye kivuli cha ukuta. Nikamfuata.

"Wakili wa timu yangu aliniambia nikifungua mdomo tunachunguzwa wote wawili," akasema. "Uturuki walikuwa wanasubiri saini. Ningezungumza, wangeondoka."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Niliogopa, Ndiaye. Sina maneno mengine."

"Na mguu wangu?"

"Ulicheza na mguu mbovu. Ulitaka nipite kulia?"

"Na penalti?"

"Ulinigusa."

"Nilikugusa?"

"Kidogo."

"Uliambiwa na mtu uanguke?"

Alinitazama usoni sawasawa, bila kupepesa. Mimi nilishajifunza kutomtazama mtu huko. Nikashusha macho kiunoni, lakini kanzu ilikuwa pana, imejaa upepo, hapakuwa na cha kuona.

"Hapana," akasema.

Lilikuwa jibu la mtu mkweli. Lilikuwa pia jibu ambalo mtu mwingine yeyote angelitoa. Ningeweza kumwita mtumwa wangu pale pale, akanijibu, na mambo yangeishia ukutani. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikawaza kwamba nikimsamehe na kumbe ndiye, atakuwa amenifunga mara mbili. Nikamwambia chakula kiko tayari.

Seynabou alileta bakuli. Gorgui akaketi, akaniachia nafasi upande wangu. Sikuketi. Alikula matonge machache, akamshukuru Seynabou, akasema chumvi leo iko sawa, akaenda zake. Seynabou aliniambia jioni ile, "Kama ndiye, asingekuja kwa mama yako." Nikamwambia kama ndiye, hapo ndipo angekuja. Hakunizungumzisha siku mbili.

Lazaros aliendelea kudaka hadi akastaafu. Nasikia ana hoteli ndogo pwani. Huenda aliijenga kwa mshahara wake, mimi sijui.

Vitu nilivyopoteza ni hivi. Mkataba wa miaka miwili ambao sikuumaliza. Timu ya taifa, ambayo kocha wake alikuwa ameshanipigia simu mara moja. Misimu mitatu, labda minne, ambayo miguu ilikuwa bado inaiweza. Ghorofa niliyomwahidi mama, ambayo haikupata paa. Na Diop mmoja. Wapo Diop wengi Rufisque, wananiita mtumwa sokoni nami nawajibu. Huyo mmoja alituma ujumbe sikukuu mbili mfululizo, sikumjibu, na ya tatu hakutuma.