Mfupa Uliobaki Kapata

Siku mume wangu Kabasele alipoondoka Kolwezi, nilimfunga kitambaa cheupe shingoni ili mate yasimlowanishe shati. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umebonyea. Mfupa wa taya ulioza, daktari Tharcisse akautoa. Kidonda kikikauka, angekata kipande cha mfupa wa nyonga na kukiunga pale.

Mama mkwe wangu, mama Ndaya, aliudai ule mfupa uliooza. "Mufupa ya muntu habatupake kama ya mbuzi," alimwambia muuguzi. Tuliuzika nyuma ya nyumba yetu ya Kapata, mtaa wa wachimbaji pale Kolwezi, tukauombea kama tunavyomwombea marehemu.

Kabasele alicheka kwa upande wa mdomo uliobaki.

"Mi niko muzima, munanililia? Daktari ataniweka nyonga mu kinywa. Nikitafuna bukari, kinywa itacheza mutuashi!"

Hata mama Ndaya, aliyeicheza ngoma hiyo ya viuno tangu usichana wake Kasai, alicheka.

Operesheni ilipangwa baada ya Pasaka. Kabla ya hapo vijana walianza kupita Kapata wakipiga milango: "Bilulu, murudi kwenu!" Ndivyo walivyowaita watu wa asili ya Kasai: wadudu. Lakini Kabasele alizaliwa Kapata; babake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Nilikimbilia hospitali kuomba aungwe taya upesi, nikakuta chumba cha daktari kimefungwa. Yeye pia asili yake Kasai. Alikuwa analala stesheni na watoto wake, akingoja treni ya kwenda Kasai.

Kaka zangu walikuja kunichukua. "Weye ni mutoto wa huku," alisema Mukalay, mkubwa wao. "Ukipanda ile treni, usituite tena ndugu."

Nilikuwa na mimba kubwa. Siku ya safari, pale stesheni, walinishika mkono mmoja nisipande; kwa ule mwingine nikamnyooshea mama Ndaya chupa ya uji kupitia dirisha la behewa, maana Kabasele hakuweza kutafuna.

Adolphine, jirani yetu aliyesafiri nao, alirudi miaka mingi baadaye.

"Treni ilisimama mu pori, uji ikachacha," aliniambia. "Kulibaki mihogo mikavu tu. Mamake alikuwa anamutafunia, lakini kidonda ilishafunguka, hakuweza kumeza. Tulimuzika pembeni ya reli, mbele ya kufika Mwene-Ditu. Hata mi mwenyewe sitapajua tena, mama Godelieve."

Nyumba ya Kapata ina watu wengine sasa. Kila sikukuu ya marehemu, mama Valérie anayeishi humo hutufungulia mlango wa nyuma. Binti yetu Tatiana hubeba maji, mimi hung'oa majani pale tulipouzika mfupa.