Wimbo Ulioko Kamanyola Tu

Albamu ya kwaya yetu ina nyimbo kumi ukiinunua hapa Kimanga, mjini Uvira, na kumi na moja ukiinunua Kamanyola. Huo wa kumi na moja ndio dada yangu Sidonie aliouimba peke yake, miezi mitatu kabla ya kufa. Nani alipanga mambo haya? Watu wazima wenye akili zao, wanaofunga na kuomba kila Ijumaa.

Jumamosi tungemaliza kilio chake. Mama aliomba kitu kimoja tu: amsikie Sidonie akiimba mbele ya watu. Basi Alhamisi nikamwendea Osée, kiongozi wa kwaya, nikidhani atanipa wimbo palepale.

"Minye sina, Fabiola," akasema. "Ile chanson iko kwa Frédéric wa Kamanyola tu. Tulimupatia ikuwe yake peke yake, juu watu wa kule wanunue kwake."

"Na weye haukubakisha kopi?"

"Tuliapa mbele ya Mungu hatutabakisha. Tukaifuta."

Damu ikanichemka. Ahadi ni deni, sawa, lakini mtu mwingine yeyote wa Uvira angeapa vizuri na kuficha kopi moja. Sisi tumejaliwa kwaya ya watakatifu.

Ijumaa nikapanda gari la Bukavu, nikashukia Kamanyola. Nilimkuta Frédéric dukani kwake, anawatilia watu nyimbo kwenye simu. Alikataa kunipa wimbo mmoja. Nichukue albamu nzima, akasema, ile ya Kimanga kwake haihesabiki. Nikanunua tena nyimbo kumi nilizokuwa nazo tayari, huku namlaani kimoyomoyo. Akanitilia zote kwenye flashi.

"Utasikiliza kwanza, mama?" akauliza.

Nilikataa. Sikutaka kulia mbele ya watu wa Kamanyola. Nilitaka tuusikie pamoja na Mama.

Jumamosi, baada ya maombi, tukachomeka flashi kwenye spika. Sauti ya Sidonie ikatoka safi kabisa, na Mama akafumba macho. Hata ubeti wa kwanza haujaisha, mwanaume akapiga kelele juu yake, humo humo kwenye spika: "Maison Frédéric, Kamanyola, pembeni ya barabara kubwa! Wengine wote ni waizi!"

Watu wakainamisha vichwa. Sidonie akaendelea, na yule naye akaendelea. Kila ubeti alikuwamo.

Nikatoka nje nikampigia Frédéric simu.

"Nipatie ile haina sauti yako!"

"Ile haiko tena, mama. Nilipotia sauti yangu, nilifuta ya kwanza, juu waizi wasinikopie."

Nilimtukana matusi ambayo sijawahi kuyatamka tangu nibatizwe. Hayakusaidia kitu. Mahali popote duniani hakuna tena sauti ya dada yangu bila huyo mtu ndani yake.

Niliporudi, Mama alikuwa ameagiza wimbo urudiwe. Alikuwa ameisogelea spika, sikio karibu liiguse, anajaribu kumsikia binti yake nyuma ya kelele. Akanishika mkono.

"Fabiola, huyu mwanaume ni nani?"

"Ni mwenye duka, Mama."

"Umuambie anyamaze kidogo," akasema. "Mutoto wangu anaimba."