Tumbo la Mzee Polikarpo

Mwaka 1956 Mzee Polikarpo alirudi kutoka hospitali akiwa na tundu tumboni. Utumbo wake ulikuwa umeziba, daktari akautoboa na kuutokeza nje, ili haja ipitie hapo na kuingia kwenye kifuko cha mpira kilichofungwa kwa mkanda. Katika nyumba ya wazee kando ya Ziwa Nyasa, kazi ya kumhudumia ilimwangukia nesi Avelina.

Balaa lilianza kwenye sala ya asubuhi. Tundu lile halikuwa na breki. Hewa ilitoka ilipotaka. Bibi Kunigunda alikuwa akinong'ona, "Jamani, kuku wangu aliyepotea yu hai kweli?" Tumbo likajibu: prrrup! Adhuhuri kuku akatokea na vifaranga tisa.

Tangu hapo wazee wakawa wanapanga foleni. Waliliamkia tumbo Shikamoo, wakaliuliza habari za mvua na za wakwe. Mzee Ignatio, aliyegombania kigoda na mwenzake na kushindwa kesi mbele ya tumbo, alikata rufaa, akidai tumbo liliamua likiwa na njaa.

Avelina alicheka mpaka siku alipokuta ngozi kuzunguka tundu imekuwa nyekundu, inachuruzika maji. Kifuko kilijaa upesi na kubanduka.

"Babu, unakula nini?"

"Maharage, mwanangu. Wananiletea wote. Wanasema siku hizi tumbo halisemi vya kutosha."

Avelina alitoka uani amefura. "Maharage marufuku! Na tumbo halimjibu mtu kabla ya kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kukaushwa bila kusugua, na ngozi kupakwa marhamu. Kifuko kimwagwe kikifika nusu!"

Wazee walitii kama wametumiwa amri ya bwana shauri, mkuu wa wilaya. Ignatio alichemsha maji, Kunigunda akafua vitambaa. Baada ya wiki mbili ngozi ilipona. Tumbo likapoa, wakadhani limenuna, wakaliomba radhi.

Siku moja, akikaza mkanda, Avelina aliuliza, "Na wewe mwenyewe, Babu, unataka nini?"

Machozi yalimlengalenga mzee. "Tangu nirudi, hakuna aliyeniuliza mimi. Nataka kuoga ziwani."

Avelina aliingiwa na hofu, lakini akamwaga kifuko, akakifunga upya, akamshika mkono hadi maji yakawafika kiunoni. Wazee walijipanga ufukweni.

"Tumbo linajua kuogelea?" Ignatio alipaza sauti.

"Sijui!" akajibu Polikarpo. "Mimi najua!"

Akauachia mkono wa Avelina.