Mafuta ya Pembe Nne

Bonfils alikuwa na pua, na pua hiyo aliisifia mbele za watu kuliko diploma yake ya sekondari. Akipita mitaa ya Nyakabiga jioni, alidai, angeweza kukuambia nani anakaanga ndagala wa ziwani, nani ameunguza maharage, na nani anapika nyama huku amefunga madirisha ili majirani wasijue.

"Hii pua haijawahi kudanganywa," aliwaambia vijana wenzake pale kwenye kibanda cha mkaa. "Na tumbo langu ni la chuma. Mi kutapika? Apana. Niwekeeni mbele kitu chochote kilichooza, nitakiangalia usoni mpaka kione haya."

Vijana wakacheka. Wakamwambia aanze na nyumba anayolala. Hapo Bonfils akawa na haraka ya kwenda kununua sabuni, maana walikuwa wamemgusa pabaya. Nyumba ya Tantine Jovithe, dada mdogo wa baba yake, ilikuwa inanuka.

Haikuwa harufu ya choo wala ya takataka. Ilikuwa nzito, ya mafuta mafuta, na kwa mbali ilikuwa na utamu fulani wa kuchefua. Ilikupokea mlangoni kama mgeni aliyekuwahi kukaa kwenye kiti cha fotei. Ilikaa kwenye mapazia, ikakaa kwenye mkate. Ukinywa chai sebuleni, ulikuwa unainywa nayo. Na miaka ile mjini Bujumbura, harufu ya namna hiyo haikuulizwa kwa sauti. Watu walikuwa wamekwisha kujizoeza kuvuka daraja la Ntahangwa bila kutazama chini, mtoni kulikotupwa maiti. Mwenye nyumba inayonuka hakusema "tutafute panya." Alisema "tuombe."

Basi wakawa wanaomba. Kila Alhamisi alasiri, mapema, ili kila mtu awahi kurudi kwake kabla ya amri ya kutotoka nje, kikundi cha sala kilifika kuombea nyumba. Mbele alitangulia kiongozi wao, Népomuscène, ambaye wote walimwita Frère Népo, mwanamume mwenye shingo ya mikunjo na suti ya rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake walifuata akina mama, vitambaa vyeupe kichwani. Waliingia chumba kwa chumba. Frère Népo alichovya kidole gumba kwenye chupa ya mafuta, akapaka miimo ya milango, akapaka madirisha na vichwa vya vitanda, kisha pembe nne za kila chumba, huku akiamuru kila kisichoalikwa kitoke. Zamani alitumia mafuta ya zeituni. Lakini tangu nchi jirani zifunge mipaka, chupa ya zeituni ilikuwa kitu cha kuota usingizini, na Frère Népo akatangaza kwamba Mungu anaangalia moyo, haangalii rangi ya mafuta. Akahamia kwenye mawese, yale mekundu mazito ya kupikia sombe, majani ya muhogo.

Bonfils alisimama pembeni na kuchukizwa. Kilimchukiza kile kidole gumba, chenye ukucha mrefu uliojaa wekundu, kilichogusa mwimo wa mlango, kisha paji la uso la mtu, kisha sambusa. Ilimchukiza namna Frère Népo alivyofumba macho kwenye sala na kuyafumbua kwenye sahani. Zilimchukiza alama za mafuta kwenye kuta nyeupe, zilizotiririka zikakusanya vumbi na mbawa za mende, mpaka nyumba ikafanana na mtu aliyekula mchuzi asipanguse mdomo.

"Frère," aliuliza siku moja, uso mkavu, "hilo pepo lina jina?"

"Linaitwa dharau," alijibu Frère Népo. "Linapenda sana vijana waliosoma."

Akina mama wakachekea ndani ya vitambaa vyao. Bonfils alikiri moyoni kwamba lile lilikuwa jibu zuri, na hilo nalo likamchukiza.

Siku hiyohiyo Frère Népo alisema sala ya Alhamisi peke yake haitoshi. Ilitakiwa kila alfajiri mtu wa nyumbani azunguke na mafuta kwenye pembe zote. Akamkabidhi Bonfils chupa. "Huyu kijana atatufaa. Mikono ikifanya kazi, mdomo utapumzika." Tantine Jovithe akamtazama mtoto wa kaka yake kwa yale macho ambayo mtu hawezi kuyakatalia, na Bonfils akapokea. Kila asubuhi Tantine alipouliza, "Bonfi, umemaliza?" alijibu, "Nimemaliza, Tantine." Na kweli chupa ilikuwa imepungua.

Lakini harufu ndiyo kwanza ikanenepa.

Mtu wa kumhurumia hapo alikuwa Tantine. Mume wake, Sylvère, aliendesha lori la ghala moja la Zone Industrielle, kule kwenye viwanda. Mwaka uliopita alipakia saruji, akapanda nalo mlimani, na tangu hapo hakurudi yeye wala lori. Wengine walikwisha kumpa Tantine pole. Yeye alizikataa. Na Frère Népo alijua mahali pa kuweka kidole chake. "Mutu hawezi kurudi nyumbani," alimwambia, "kama nafasi yake imekaliwa na kitu kingine." Tangu aliposikia maneno hayo, Tantine angeweza kubomoa hata ukuta.

Alhamisi moja, wiki kadhaa baadaye, Frère Népo alinusa sebuleni, akatikisa kichwa, akageukia dirisha la uani.

"Ndani ya kiwanja hiki kuna mutu ambaye hapigi magoti na sisi."

Kila mtu alijua anamsema nani. Kwenye chumba cha uani aliishi Mama Fatouma, mjane wa Kiislamu aliyekuja na godoro na karai la kukaangia baada ya nyumba yake ya Bwiza kuchomwa. Alfajiri na alasiri alikaanga maandazi chini ya dirisha la sebule, na Ijumaa alichoma ubani. Ndugu zake walikuwa wamevukia Uvira, upande wa Kongo, na Uvira yenyewe sasa ilikuwa inawaka moto.

"Mama Fatouma ni mutu muzuri, Frère," alisema Tantine.

"Sijasema ni mubaya. Nimesema ule ubani unaita. Jumapili nakuja kufunga kazi ya nyumba hii. Kile chumba kiwe kitupu."

Tantine akaenda uani, mikono imekunjwa tumboni. Bonfils alimfuata mpaka kizingitini.

"Mama Fatouma, utanisamehe."

"Nimesikia, mdogo wangu. Dirisha liko wazi." Mama Fatouma aligeuza andazi. "Niende wapi?"

"Mi sijui."

"Basi tunajua sawasawa, wewe na mimi."

Bonfils alitamani kutema mate, akakosa mahali pasipopakwa mafuta. Mle sebuleni Frère Népo alikuwa amekaa kwenye fotei anakula maandazi ya mwanamke yuleyule anayemfukuza, na alisifu kwamba hayakunywa mafuta mengi.

Jumapili asubuhi, Tantine akiwa kanisani, Bonfils alimkuta Mama Fatouma uani amepiga goti juu ya godoro lake, anavuta kamba ya kulifunga.

"Acha kamba, Mama Fatouma. Hilo pepo mi nalitoa leo, kwa mikono yangu."

"Mikono ipi? Ile inayoshindwa kuosha sahani uliyolia?"

"Hiihii. Pua itatangulia, mikono itafuata. Kabla hawajarudi utakuwa umefungua godoro."

"Haya, mganga," alisema Mama Fatouma, akaendelea kufunga.

Bonfils alikuwa amekwisha kuvaa suruali yake nyeupe ya Jumapili, na hakuona sababu ya kuivua kwa kazi ndogo kama hiyo. Pua isiyodanganywa ilimpeleka jikoni, akahamisha magunia ya mkaa bure. Ikampeleka kwenye mfereji wa bafu, akaufukua kwa kijiko, akaambulia nywele. Ikampandisha darini, alikopiga chafya mpaka machozi. Mwishowe alirudi sebuleni, pale alipoanzia, akasimama mbele ya kabati kubwa la vyombo lililokaa kwenye pembe. Harufu ilikuwa inapumulia hapo kama mbuzi.

Akaweka bega, akalisukuma kabati.

Nyuma yake kulikuwa na mfuko wa turubai. Aliujua: mfuko wa safari wa Tonton Sylvère, ambao Tantine alisema ameuweka mahali pazuri mpaka mwenyewe arudi. Lakini turubai ile ya kijani ilikuwa nyekundu, imevimba, inateleza. Bonfils alishika kishikio chake kwa vidole viwili. Mfuko ukafunguka mdomo. Ndani, kwenye koti la mvua la Tonton, panya walikuwa wamejenga, wakazaa, kisha wakanasa wao na watoto wao kwenye mawese yaliyoganda, na sasa walikuwa wamelainika kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mabuu yalipanda na kushuka katikati ya manyoya yao. Mende mmoja alitembea taratibu kutoka kwenye tundu la kiatu, amepakwa mafuta vizuri kuliko mkristo yeyote wa nyumba ile.

Tumbo la chuma lilitoa chai, likatoa mkate, likatoa na vitu ambavyo Bonfils hakukumbuka kuvila. Alitapika kwenye sakafu, akatapika kwenye viatu vyake, na alipoona mabuu mengine yanaelea kwenye matapishi akatapika tena, akiwa amejishikiza ukutani.

Alipoinua uso ndipo akaona mkono wake umegusa nini. Kutoka juu, kwenye mwanya kati ya kabati na ukuta, mfereji mpana wa wekundu ulishuka moja kwa moja mpaka kwenye mfuko. Kidole gumba hakipaki hivyo. Hivyo ni kumwaga.

Na aliyemwaga alikuwa yeye. Kila alfajiri, kwa kinyaa cha kuingiza kidole kwenye chupa ulimoingia ukucha wa Frère Népo, alisimama hapohapo, akanyoosha mkono juu ya mwanya, akamimina mafuta ya siku nzima, akahesabu pembe zote za nyumba zimekwisha. Aliamini sakafu itayanywa. Hakujua kuna mfuko, wala kwamba harufu ya mwanzo ilikuwa ya kiota cha panya tu.

Kuchukizwa na Frère Népo kulikuwa kutamu. Huku kulikuwa kwingine, kulimpanda kutoka chini ya kitovu, na hakukuwa na mahali pa kukutapikia.

Kisha akasikia nyimbo za akina mama barabarani, na akili yake, ambayo haikuwa imewahi kuchelewa, ikaamka. Akachomoa kitambaa cha mezani, akafuta ule mfereji ukutani kwa nguvu zake zote, akakisokota kitambaa, akakisukumia kwenye mfuko wa suruali yake. Akauburuta mfuko kwa jembe mpaka uani.

Walipoingia aliwasubiri, jembe mkononi.

"Pepo hili hapa," alisema. "Lina mikia. Frère, mafuta yako yameshuka nyuma ya kabati, tone kwa tone, Alhamisi kwa Alhamisi. Panya wamefuata mawese, wamefia humo. Ubani wa Mama Fatouma haukuita mutu. Kidole chako ndicho kilichoita."

Akina mama wakaziba pua kwa vitambaa. Frère Népo akausogelea mfuko, akaona, akarudi nyuma haraka, uso umeparara. "Lakini mi napaka tone tu," alisema. "Tone moja."

"Matone huzaana, Frère. Kama panya."

Mama mmoja akacheka kabla hajajizuia. Bonfils alijisikia anarefuka.

Tantine Jovithe hakucheka. Alikuwa ameutambua mfuko. Alichuchumaa, akalivuta koti la mumewe kwa mikono mitupu, akaanza kulikung'uta mabuu, polepole, kama anayemkung'uta mtoto vumbi. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Baadaye alisema bila kuinua kichwa, "Mama Fatouma. Fungua godoro lako. Unabaki."

"Ahsante, mdogo wangu."

"Na wewe, Frère, uende. Nyumba yangu imetosha mafuta."

Frère Népo alifungua mdomo, akaufunga, akachukua chupa yake. Alionekana mzee ghafla. Alikuwa amefika kwenye geti wakati Mama Fatouma, aliyekuwa anahangaika na fundo la kamba, aliposema kwa sauti yake ya kila siku:

"Jamani, mzee wa watu msimwonee. Yeye kweli anapaka tone. Anayemwaga ni huyu Bonfi."

Tantine akaacha kukung'uta.

"Mi kila alfajiri nakaanga hapa, dirisha liko mbele yangu," aliendelea Mama Fatouma. "Namwona anasimama penye kabati, anaziba pua, anamimina kule nyuma, anasema Amina, anarudi kulala. Nikadhani ndiyo ibada yenu. Nikasema, kila mtu na dini yake, nitamuulizaje mtu anavyomwomba Mungu wake?"

Bonfils alikuwa na majibu. Alikuwa nayo siku zote, kwa kila mtu. Alitafuta moja, akapata la panya, akalitupa, akapata la Frère, akalitupa nalo.

"Ni uongo, Tantine," alisema. "Mi sijawahi kusogelea pale."

Mama Fatouma alimaliza kufungua fundo lake. Kisha akanyoosha kidole kwenye suruali nyeupe ya Jumapili, pale ambapo wekundu ulikuwa umepenya kutoka mfukoni na sasa unatambaa taratibu kuelekea gotini.

"Haya," alisema, "mwambie na mfuko wako unyamaze."